Mwalimu wa kujitolea anawakimbiza wanakisomo wangu. Namwambiaje, naye ni mzee wangu?

BiUbao (Tanga)

Assalaam alaykum, habari za kazi wadau. Naombeni ushauri, na mnivumilie, nitaandika marefu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, ualimu sikusomea. Mwaka jana mteja wangu mmoja anayeuza samaki wa kukaanga alinipa simu yake nimsomee meseji. Kumbe ni meseji ya kutoa hela, shilingi 80,000, na yeye siku hiyo hakutoa hata mia. Kijana aliyezoea "kumsaidia" kwa wakala alikuwa anajisaidia. Nikaanza kumfundisha palepale kibandani, kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza. Akaja na mwenzake. Mwenzake akaja na wifi yake. Ramadhani ikanikuta na watu tisa na rundo la nguo za Idi ambazo sijazigusa.

Sasa ni darasa kamili. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alitukubalia chumba Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni mpaka saa 12, na mwenyekiti wa mtaa akatuandikia barua. Daftari lina majina 34, karibu wote wanawake wa soko la samaki la Deep Sea na mama lishe wachache. Madawati ni ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagonga mbao, lakini tunakaa.

Wanafunzi hawanisumbui. Wanaonitoa jasho ni walimu.

Tulianza 11. Wawili wenye stashahada ya ualimu wanaosubiri ajira, muuguzi mmoja, ustadhi wa madrasa, vijana wanne waliomaliza kidato cha sita, karani wa benki, binti yangu, na mzee mmoja mwalimu mstaafu. Leo tumebaki watano, na binti yangu namhesabu kwa sababu hana pa kukimbilia. Hakuna aliyeaga. Kwanza mtu anachelewa, halafu anaandika kwenye kundi "leo nina udhuru", halafu anaacha kuandika, halafu unamkuta barabara ya 12 anavuka upande wa pili.

Sasa huyo mzee. Hakosi. Mvua, jua, yupo saa 9 na nusu na koti lake na chaki zake mwenyewe kwenye kopo la kahawa. Chumba tumepata kwa sababu mwalimu mkuu ni mwanafunzi wake wa zamani. Bila yeye nisingekuwa na darasa, hilo nalikiri mbele yenu wote. Lakini anafundisha watu wazima kama anafundisha darasa la tatu mwaka 1985. Anafoka. Mtu akikosea anamwambia "hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hii". Mwezi uliopita mama mmoja, umri wake si chini ya miaka 58, aliitwa ubaoni akaandika "dada" akageuza herufi ya kwanza ikawa "bada". Mzee akamwambia asimame pale mpaka akumbuke. Akasimama. Darasa zima limenyamaza. Mimi nilikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio mkononi, na sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hakurudi. Na wenzake watatu wa meza moja nao hawakurudi. Nilimfuata sokoni, akanikaribisha vizuri, akanipa na changu wawili, akaniambia: "Mwanangu, mimi nimezaa saba na nimezika mume. Sikuja kusimamishwa."

Nimejaribu kusema kwa kuzunguka. Kwenye kikao cha walimu nikasema jamani tuongee na wanafunzi wetu kwa upole, hawa ni watu wazima. Mzee ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote: "Sawasawa kabisa! Mmesikia, vijana?"

Nisaidieni. Mtu humlipi, ni mkubwa wako, ndiye aliyekupa chumba, unamwajibishaje? Na hawa vijana wanaotoroka kimyakimya, kosa liko kwao au kwangu?

Chuma_cha_Pua

Mwambie asante, aende akapumzike. Kujitolea si leseni ya kudhalilisha watu. Mkishaanza kuogopana kwa sababu ya umri darasa limekufa.

Mpwa_wa_Bumbuli

Wewe Chuma, huna mzee kwenu? Mtu anatoka kwake na chaki zake, hadai nauli wala posho, halafu afukuzwe na mtandao? Dada, hao waliokimbia hawakuwa na nia. Sisi tulichapwa na tukasoma.

BiUbao (Tanga)

@Mpwa_wa_Bumbuli, wewe ulichapwa ukiwa na miaka 9, na ulipotoroka mama yako alikurudisha. Huyu mama wa samaki nani atamrudisha? Anaamka saa 9 usiku kwenda kupokea mashua. Akija darasani saa 10 jioni, nia anayo kunizidi mimi.

Mstaafu_Moro

Binti, nimesoma yako yote mara mbili. Mimi nilikuwa Afisa Elimu ya Watu Wazima ngazi ya kata kwa miaka mingi, nimestaafu 2017, sasa nalima mpunga. Lakini kabla ya ofisi yoyote nilikuwa kama hao vijana wako. Nilimaliza darasa la saba kisiwani Ukerewe, na mwaka 1974, nikiwa na miaka 17, nikapewa darasa la kisomo chini ya mwembe. Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya sita ambazo Mwalimu Nyerere alizitaja zifute ujinga kabla ya nyingine, pamoja na Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kwa hiyo tulikuwa na presha ya kutosha. Tukipewa shilingi 30 kwa mwezi, na hazikuja kila mwezi.

Shida yetu ilikuwa kinyume cha yako. Wewe una mzee anayefokea wakubwa wenzake. Mimi nilikuwa mtoto ninayemfundisha baba mkwe wa kaka yangu. Niliwahi kumwambia mzee mmoja wa kivuvi "umekosea" mbele ya wakeze wawili. Kesho yake darasa lilikuwa na kuku tu wanaokwaruza pale chini ya mwembe. Aliyeniokoa ni mratibu wetu. Hakunigombeza. Aliniambia: wewe usiseme mtu amekosea, mwambie akusomee alichoandika. Akijisomea mwenyewe ataliona kosa lake kabla yako. Nimetumia hilo miaka 40. Huyo mama aliyeandika "bada" angeambiwa tu "hebu tusomee mama" angecheka mwenyewe na darasa lingecheka naye.

Kuna kitu kingine tulikijua wakati ule na baadaye tukakisahau. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi wanasikiliza redio, halafu wanajadili na kwenda kuchimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mtu anayeongoza kikundi aliitwa kiongozi wa kikundi, haitwi mwalimu, na kazi yake ilikuwa kuuliza na kusikiliza. Jina hilo peke yake lilimkata mtu makali. Mzee wako amekuwa "Mwalimu" tangu ujana wake. Ukimpa ubao na watu 30 waliokaa kwenye madawati ya watoto, unategemea atoke nani ndani yake?

Simtetei. Ila nakuuliza: umeshawahi kumuuliza kwa nini anakuja? Nenda kwake nyumbani. Usiende mikono mitupu, na usiende peke yako, nenda na mtu wa rika lake. Na usiende na barua. Mimi niliwahi kumwachisha mwalimu wa kujitolea kwa barua yenye muhuri, nikajiona nimefanya kazi ya kiofisi safi kabisa. Kitongoji kizima kikasusa darasa miezi mitano, na mwenye makosa alikuwa yeye kweli, alikuwa mlevi.

BiUbao (Tanga)

Shikamoo baba. Hapana, sijawahi kumuuliza. Nilishukuru tu kwamba anakuja.

Mstaafu_Moro

Marahaba. Basi anzia hapo.

Nahodha_Mdogo

Mimi nitajibu la vijana kutoroka. Dada, umesema wanafunzi wako ni wa Deep Sea. Daftari la mahudhurio unalo? Hebu lifungue, utazame ni siku gani darasa linajaa na siku gani linapungua, halafu uweke kalenda ya mwezi pembeni. Mwezi wa angani nasema.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mashua zinapumzika, wavuvi wanashona nyavu. Giza likiingia, mama hana habari na herufi. Anapokea, anachemsha, anaanika, anageuza, anakimbizana na mvua. Jioni yule ni maiti inayotembea. Nyumbani kwetu mama yangu wiki za giza hata harusi haendi.

BiUbao (Tanga)

Nimelifungua daftari saa hii, usiku huu, kwa tochi ya simu maana umeme umekatika. @Nahodha_Mdogo, Mungu akuweke.

Wiki za mbalamwezi: 26, 28, 24, 27. Wiki za giza: 7, 9, 6, na Alhamisi moja 4. Inarudia hivyo hivyo mwaka mzima. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekula dagaa tangu sijaota meno, na kila mwezi nilikuwa nawagombeza kwa uvivu.

Na sasa najiuliza. Yule muuguzi, mara tatu za mwisho alizokuja, zote zilikuwa giza. Alitoka zamu, akapanda bodaboda ya shilingi 1,500 kutoka Mikanjuni, akakuta watu sita. Mara ya nne hakuja. Mimi nilimwona hana moyo.

Nilitoroka

Nimejisajili ili nijibu hii tu. Mimi ni mmoja wa watu wanaovuka upande wa pili wa barabara. Si darasa lako, lilikuwa la watoto wa mtaani kwetu Mbagala, masomo ya ziada ya Jumamosi. Nilidumu miezi minne. Nitakwambia kwa nini, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilipokuja siku ya kwanza niliambiwa "fundisha chochote unachoweza". Hicho chochote ndicho kilichonichosha. Kila Ijumaa usiku nakaa nawaza kesho nifundishe nini, na nikifika nakuta mwenzangu alishafundisha hichohicho wiki iliyopita. Hakukuwa na daftari la kuandika tumefika wapi.

Halafu nauli. Kiongozi wetu alikuwa anasema "sisi hatufanyi kwa pesa". Sawa, mimi pia sikufuata pesa. Lakini Jumamosi moja, kwenda na kurudi, maji na andazi, ni 2,500, na mimi sina kazi. Naomba kwa mama. Mama akauliza, huko unakoenda kila Jumamosi wanakulipa? Nikasema hapana. Akasema basi mimi ndiye ninayejitolea. Na ni kweli, alikuwa ni yeye.

Na picha. Wageni wakija, tunaambiwa tuvae fulana za njano tusimame nyuma ya watoto. Wageni wanauliza mna walimu wangapi wa kujitolea. Wakiambiwa 15 wanaandika. Miezi yote minne sikusikia mgeni akiuliza wa mwaka juzi wako wapi.

Mwisho niliomba barua tu, kwamba nimefundisha hapa tangu tarehe fulani, niambatanishe kwenye maombi ya kazi. Nikaambiwa mpaka nitimize mwaka. Nikatoroka. Ningeaga, lakini nilimwonea haya mtu ambaye kila siku anatuambia tuna moyo.

BiUbao (Tanga)

@Nilitoroka umenichoma na umenifaa. Mimi pia nimesema hayo maneno ya "sisi hatufanyi kwa pesa". Nimeyasema wiki iliyopita.

Mwalimu_wa_Ngambo

Salaam kutoka Likoni. Huku Mombasa elimu hii watu huiita ngumbaru, na hilo jina limefukuza watu zaidi ya kiboko. Mama atakwambia yuaenda kwa shangazi, kumbe yuaja darasani na daftari limefungwa ndani ya leso. Sisi letu tukaliita Darasa la Hesabu, mambo yakawa afadhali.

Walimu wetu wa kujitolea wengi hutoka kisiwani. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, kwa hivyo hapo nauli si hoja, lakini foleni ya jioni yaweza kukula saa nzima. Tulikuwa tukianza saa 11, mwalimu yuafika na robo, wengine na nusu, wanafunzi wamechoka kungoja. Tukabadilisha: anayekaa upande huu wa maji ndiye hufungua darasa, anayevuka hufunga. Ilituchukua miaka miwili kuliona jambo dogo hilo.

Sasa huyo mzee. Sisi twatumia kopo. Mlangoni pana kopo la maziwa lililotobolewa juu, na vibakuli viwili, kimoja maharagwe kimoja mahindi. Kila mwanafunzi akitoka, kama leo ameelewa na ametoka na moyo mzuri hutia haragwe, kama sivyo hutia hindi. Hakuna jina, hakuna kuandika, na hata asiyejua herufi moja anajua haragwe. Mwalimu wa siku ndiye hulifungua kopo na kuhesabu mwenyewe, peke yake. Hatuulizi amepata ngapi. Mimi nimefundisha miaka 19, kuna siku nilifungua nikakuta mahindi ya kupika githeri. Nililia kidogo, nikaenda zangu.

Faida yake ni kuwa hakuna kijana wala bosi anayemwambia mzee amekosea. Lakini lazima liwe kwa wote, na wewe msimamizi uwe wa kwanza kulifungua. Likianza siku ya mzee atajua limewekwa kwa ajili yake.

Chuma_cha_Pua

Hilo la kopo nimelipenda, nakubali. Ila bado nasema kuna watu hata ukiwapa gunia la mahindi hawabadiliki.

BiUbao (Tanga)

*Wiki sita baadaye*

Nimerudi na taarifa. Poleni kwa kunyamaza, ilikuwa msimu wa sare za shule na mashine yangu moja imekufa mota.

Nilifuata la baba wa Moro. Nilimpitia rafiki yake mzee, wanaswali msikiti mmoja, tukaenda siku ya Ijumaa baada ya alasiri na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Jumatano. Sikuyatumia hata moja.

Tumekaa barazani, rafiki yake anaongea naye, nikaona kitu. Kila akitaka kumwambia jambo anamzunguka, anakaa upande wa kulia, anapaza sauti. Nikamuuliza mzee jambo nikiwa kushoto kwake. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akajibu kitu kingine kabisa. Rafiki yake akaniambia waziwazi, kama vile najua: "Mpigie kelele, hilo sikio la kushoto lilikufa siku nyingi, na hili linafuata."

Wadau, mwaka mzima! Anafoka kwa sababu hajisikii. Anawasimamisha watu kwa sababu akiwa amekaa mtu nyuma kule, na hawa wanawake wanavyojibu kwa sauti ya chini wakiona haya, yeye hapati kitu. Akisimama mtu anamwona mdomo. Hakumwambia yeyote kwa sababu aliogopa tutamwambia akapumzike. (Chuma, nilikukumbuka.)

Sasa nisiwadanganye. "Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua" si sikio, huo ni mdomo. Na hilo nililisema. Nilimwambia: Mwalimu, yule mama wa siku ile hakurudi, na nimemfuata, na neno lake ni hili. Nikamsomea kama alivyolisema, nimezaa saba na nimezika mume. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani hakusikia, nikajiandaa kurudia. Akasema, "Nimesikia." Basi. Hakuomba radhi, hakukasirika, akamwita mjukuu alete chai.

Wiki mbili hakuja. Kila mtu alinitazama mimi. Ustadhi akaniambia kwa upole wake kwamba nimemvunja mzee. Nililala vibaya.

Kopo niliweka, na kama alivyosema mwalimu wa Likoni, wa kwanza kulifungua ni mimi. Nilifundisha kusoma tarakimu za pesa, makumi elfu na malaki, nikijiona nimefundisha hasa. Watu 19 darasani. Mahindi 11. Binti yangu alipata mahindi mawili, na anakumbusha kila tukila.

Ratiba sasa tunafuata mwezi. Wiki za mbalamwezi tunakutana mara tatu na walimu wote wanahitajika. Wiki za giza hakuna darasa shuleni. Badala yake mwalimu mmoja tu anapita sokoni asubuhi, saa 4, dagaa wakishaanikwa, dakika 20 palepale kwenye vichanja, anasoma nao walichoandika kwenye mizani na kwenye ndoo. Kazi hiyo wanagombea vijana, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya samaki wa bure.

Nauli: wanafunzi wenyewe walipitisha. Mimi nilikuwa naona haya kuwaambia, nikaamua kuwasomea yale maneno ya @Nilitoroka kuhusu mama yake. Mama mmoja akasema, "Kumbe huyu mtoto anakula nauli ya mamake kwa ajili yetu?" Wanatoa 300 kila mtu kwa wiki ya darasa, wanaweka kwenye sanduku la kikoba chao, na mwanafunzi ndiye anayeandika nani kapewa ngapi, kwa mkono wake. Herufi zinapanda mlima zinashuka, lakini mahesabu hayajawahi kupotea. Muuguzi nilimpigia simu, sikumwomba arudi, nilimwomba radhi tu kwa zile jioni tatu. Akasema atafikiri. Yule mwenye stashahada aliyebaki nimempa barua yake ya miezi 14, imegongwa muhuri wa mtaa, kabla hajaomba. Kama ataondoka nayo na aondoke.

Na daftari la "tumefika wapi" lipo mezani. Linaandikwa vibaya lakini linaandikwa.

Mstaafu_Moro

Na mzee?

BiUbao (Tanga)

Baba nilikuwa nakuja huko, nilikwenda kutazama wali.

Amerudi wiki ya tatu, saa 9 na nusu, kopo la kahawa mkononi kama kawaida. Nilimtengea meza ya pembeni karibu na dirisha, watu sita tu, wamemzunguka, wote upande wake wa kulia. Ni wale wanaojua kusoma kidogo na wanataka hesabu za kikoba, riba na mgawo wa mwisho wa mwaka. Kwenye hesabu hana mpinzani. Anafoka bado, lakini hao sita ni wachuuzi wa mnada wa samaki, wanamfokea nao, kuna siku mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani watu wanapigana. Kwenye darasa la herufi simpeleki tena, na yeye hajauliza.

Kopo lake huwa analifungua nyuma ya darasa, anahesabu, anarudisha. Sijui anapata ngapi. Wiki iliyopita tu nilimwona ametoa hindi moja akaliweka mfukoni mwa koti.

Mwalimu_wa_Ngambo

Mwache nalo. Na yule mama wa "bada"?

BiUbao (Tanga)

Hajarudi. Wenzake wawili kati ya watatu wamerudi. Yeye nikipita sokoni ananisalimia, ananipa samaki, nikimwambia karibu darasani anasema inshallah, na ninyi mnaijua inshallah ya namna hiyo. Ila yule mwalimu wetu anayepita asubuhi wiki za giza anasema kichanja chake kiko cha tatu, na kwamba juzi wakati anafundisha kichanja cha pili, mama huyo aligeuza ndoo yake ili maandishi yaangalie upande wake.

Nilitoroka

Dada samahani, nina swali la pembeni. Mimi nitakuwa Tanga mwezi ujao kwa shangazi yangu, kama wiki tatu. Mnaanza lini?

BiUbao (Tanga)

Tazama mwezi ukifika nusu, Jumanne inayofuata, saa 10. Nauli utapewa na utasaini. Njoo na kalamu yako, zetu wanaondoka nazo.